Stiki Kwanza, Swichi Baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kuendesha magari ya watalii hapa Arusha, naomba tuongee oili ya injini. Dereva mgeni huwa anamwachia fundi, fundi naye anadhani dereva ameshaangalia, na gari linaondoka bila mtu kufungua boneti. Ukishakabidhiwa funguo, pima mwenyewe, kila asubuhi, kabla hujawasha.

Asubuhi ni nzuri kwa sababu usiku kucha oili imeshuka yote kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini. Ukipima njiani, zima injini kwanza, subiri dakika tano hadi kumi. Halafu angalia umesimama wapi. Yadi zetu nyingi zina mteremko, hasa huku juu Ilboru na Sanawari, na wenzetu wa Moshi wanaolaza magari njia ya kupanda Kibosho wana shida hiyohiyo. Gari likiinama, stiki, ule ufito wa kupimia oili, inakudanganya. Lisogeze hadi patambarare.

Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena. Hiyo ya pili ndiyo ya kusoma. Tazama pande zote mbili. Zikitofautiana, fuata upande unaoonyesha kidogo. Oili inatakiwa iwe kati ya alama ya chini na ya juu.

Wengi mnaogopa weusi. Kwenye dizeli, oili mpya inakuwa nyeusi mapema sana kwa sababu inabeba masizi, na kubeba masizi ni kazi yake. Kumwaga oili kufuate kilomita na ratiba ya gari, si rangi peke yake. Rangi ya kuogopa ni ile ya chai ya maziwa: hapo maji yameingia, mara nyingi gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imekufa, na gari hilo lisitoke. Ogopa pia oili inayopanda yenyewe bila wewe kuongeza. Inusie stiki. Ikinuka mafuta, dizeli inavujia ndani na oili imekuwa nyepesi.

Sasa taa nyekundu ya oili, ambayo naiona inaeleweka vibaya kuliko vyote. Hiyo taa inasoma presha. Haikukumbushi kuongeza oili. Oili ikiwa pungufu, inaweza kuanza kuwaka kwenye kona au mlimani, pale pampu inapovuta hewa. Ikiwaka unapanda kutoka Mto wa Mbu, weka gari pembeni palipo salama na uzime injini papo hapo. Usiseme nifike Karatu kwanza. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inazunguka juu ya utando mwembamba wa oili. Presha ikikata, chuma kinasaga chuma, injini inanoki, na hapo unazungumzia ovahoo, yaani kufumua injini nzima. Wageni watakusamehe kuchelewa.

Kuongeza kunataka subira. Kwa magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja. Injini kubwa huchukua zaidi, soma kitabu cha gari. Mimina kidogo, subiri ishuke, pima tena. Usivuke alama ya juu kwa kudhani unalifanyia gari hisani: krenki itaichapa oili hadi itoe povu, na povu halilainishi chuma. Aina nayo ifuate kitabu. Kwenye kopo, kundi la API (alama ya ubora wa oili) linaloanza na S ni la injini za petroli, linaloanza na C ni la dizeli. Namba nazo zinaonyesha uzito wa oili: injini ya zamani inayotumia 20W-50, nzito, na ya kisasa inayotaka 5W-30, nyepesi, zisishirikiane kopo kwa sababu tu ndilo lililobaki stoo.

Halafu andika. Daftari dogo kwenye droo ya gari: tarehe, kilomita, umeongeza kiasi gani. Injini zilizozeeka hula oili kidogo, hilo si la kushtua. Linaloshtua ni ulaji kubadilika ghafla, na bila daftari hutaliona. Ulaji ukibadilika, tazama chini palipolala gari kama kuna tone, kisha moshi wa bomba: wa bluu unaonyesha oili inaungua ndani. Mpelekee fundi hizo namba, atajua pa kuanzia.

Ukimaliza, kaza kifuniko, sukuma stiki mpaka ikae, na hesabu vitambaa vyako usije ukasahau kimoja juu ya injini. Washa. Taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache, isipozimika, zima.