Nembo ya Kiebrania

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimetoka likizo, nimekuta kazi mezani: nembo ya klabu ya krav maga (mbinu za kujihami kutoka Israeli), kwa Kiebrania. Nikibandika maneno, herufi zinajipanga kinyume. Nifanyeje? Na mazoezini, wewe ukitoka likizo huanza na nini? — Msanifu, Arusha

JIBU: Marahaba, pole na kazi. Kiebrania huanzia kulia. Iweke programu kwenye mpangilio huo kwanza, usizipange herufi kwa mkono. Kisha ikague reshi, herufi ya pili ya neno krav: kona yake ni ya mviringo, ukiichonga inakuwa herufi nyingine, daleti. Beti inayofuata ina kimkia chini kulia. Ukikikata, umechora herufi nyingine, kafu. Kimila, mistari ya kulala ni minene kuliko ya kusimama, kinyume cha herufi zetu. Msomaji wa Kiebrania aione kabla fulana hazijachapwa. Mazoezini? Mimi nikitoka likizo huanza na kuanguka, mateke baadaye.