Gari Lako Sisi Ngapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Muuza magari hapa Moshi ameniambia Noah niliyoipenda ina "farasi nguvu 150". Kaka yangu anasema tuseme "nguvu za farasi". Fundi wetu naye anasema hizo zote ni mbwembwe, niulize tu gari ni sisi ngapi. Nimsikilize nani? (Msomaji, Majengo, Moshi)

JIBU: Marahaba. Msikilize kaka yako. Muuza magari msamehe, anatafuta riziki. Mwenye kesi na mimi ni huyo fundi.

La farasi tulimalize haraka. Kiswahili hutanguliza kinachoelezwa, kinachoeleza kikafuata: askari kanzu, bwana shamba, bata maji. Kwa hiyo "nguvu farasi" limejengwa sawasawa, na "nguvu za farasi" ni hilo hilo lenye kiunganishi chake. "Farasi nguvu" ni mnyama, na sijui anakula nini. Farasi tumempata kwa Waarabu, nguvu ni ya kwetu Wabantu, na kipimo chenyewe alikieneza Mskoti James Watt katika karne ya 18, alipotaka wateja wajue mashine yake ya mvuke ingewapunguzia farasi wangapi. Angezaliwa Monduli, leo tungehesabu nguvu punda, wala nisingelalamika.

Sasa fundi. Hapa kijiweni Njiro haipiti siku bila mtu kuuliza, "Gari lako sisi ngapi?" Mara ya kwanza nilijibu, "Sisi tuko watano, na mmoja wa kupakatwa." Hakuna aliyecheka. Sisi hiyo ni herufi mbili za Kiingereza, cc, na maana yake ni sentimita za ujazo: nafasi ambayo pistoni zote huipitia zikipanda na kushuka ndani ya silinda. Basi. Ni ukubwa wa chombo. Wewe ni mtu wa Moshi: lini umepima ukali wa mbege kwa kutazama ukubwa wa kata?

Jirani yangu ana Land Cruiser ya kupeleka wageni mbugani, yenye injini ya dizeli ya 1HZ isiyo na tabo, yaani kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Ujazo wake ni sentimita 4,164. Yeye huitaja "sisi elfu nne mia mbili" kifua mbele, kama mtu anayehesabu ng'ombe wa baba yake. Na farasi je? Wapata 130. Nyumba ya pili kuna kijana mwenye Subaru Impreza WRX STI iliyotengenezwa kwa soko la Japani. Ujazo wake ni 1,994, haufiki nusu ya ule, na kiwandani iliandikiwa farasi 280. Kwa hesabu ya kijiweni, Subaru hiyo ilitakiwa iwe inavutwa kwa kamba.

Nilimweleza jirani. Akaniuliza, mbona yake inapanda mlima wa Mto wa Mbu na watu saba na mizigo bila kulalamika? Inapanda, nikamwambia, kwa sababu injini ile hutoa kani kubwa ya kuzungusha magurudumu ikiwa bado inazunguka polepole. Hilo nalo huwezi kulisoma kwenye sisi. Akanyamaza, akanywa chai, kisha akasema, "Lakini sisi zake ni nyingi." Hapo nikaaga.

Najua chanzo. Ushuru wa bidhaa wa gari linaloingizwa nchini hupangwa kwa ujazo wa injini, hivyo mnunuzi huijua tarakimu ile kabla hajalisikia gari likiunguruma. Mtoza ushuru ana haki ya kuuliza ujazo. Fundi anayeulizwa nguvu akajibu ujazo hana.

Ukitaka kukadiria gari litakwendaje, gawa uzito kwa farasi. Kipimo wanachotumia Wajapani kinasema farasi mmoja ni kuinua kilo 75, yaani robo tatu ya gunia la kilo 100, mita moja juu kwa sekunde moja. Noah ya tani moja na nusu yenye farasi 150 inampa kila farasi kilo 10. IST ya ujazo wa 1,500 ina farasi 109 na uzito wa tani moja na kidogo tu. Zikiwa tupu, ni karibu sare! Pakia shangazi na mikungu ya ndizi ndipo hesabu ibadilike. Injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo kwenye ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, farasi mmoja kati ya watano ameshakata pumzi.

Neno "sisi" siwezi kulifuta, nimezeeka. Mkiwa gereji semeni. Mkiandika, andikeni "ujazo wa injini". Umeandika "Noah ina", nami nimepitisha kwa kuwa Noah ni jina. Ungeandika "gari ina", jibu hili lingemaliza ukurasa mzima kabla hatujamfikia farasi.