Roboti ipi kwa uvimbe wa figo: da Vinci Xi au Versius?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Mwanza. Mjomba wangu ana uvimbe wa sentimita 3 kwenye figo ya kushoto. Tumepata hospitali mbili India; moja ina roboti ya da Vinci Xi, nyingine Versius. Ipi inafaa zaidi kuondoa uvimbe na kuibakiza figo?

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada. Kwa uvimbe wa ukubwa huo mashine zote mbili zinaweza kazi. Mimi ningemtafuta kwanza daktari, kwa sababu ateri ya figo (mshipa unaoipelekea damu) hubanwa wakati wa kukata, na ikishabanwa, figo inakaa bila damu. Kukata, kushona na kuachia kibanio kunatakiwa kuishe ndani ya dakika 25 hivi.

Xi ina mikono minne kwenye mkokoteni mmoja, vyombo vinapita matundu ya milimita 8, na kamera inahamishika tundu lolote. Inaonyesha pia rangi ya indosianini: ikidungwa kwenye mshipa, sehemu yenye damu inang'aa kijani, iliyobanwa inabaki nyeusi. Versius ina kigari kwa kila mkono na vyombo vya milimita 5. Mgonjwa analazwa ubavu, hivyo vigari vikipangwa vibaya mikono inagongana na kazi inasimama. Waulize kama Versius yao inaonyesha rangi hiyo.

Hatari kubwa iko kwenye kushona. Tabaka la ndani la mshono hufunga mishipa na njia ya mkojo; la nje hukazwa kwa klipu zinazosukumwa juu ya uzi hadi ziguse figo. Xi haimpi daktari hisia ya mkono, anasoma mkazo kwa macho: nyama ikibonyea kidogo, inatosha. Akizidisha, uzi unaikata figo kama unavyokata ugali wa moto, na damu inaanza upya. Klipu nyingi huwekwa na msaidizi aliye mezani, kwa hiyo uliza pia uzoefu wake.

Muulize daktari mwenyewe: amebakiza figo ngapi kwa mashine hiyohiyo, kwa kawaida anabana dakika ngapi, na mara ngapi amelazimika kufungua tumbo au kuitoa figo nzima.

Mjomba apimwe kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi), kisha apigwe CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) yenye dawa ya kuonyesha mishipa, na mbebe diski yenyewe, siyo filamu tu. Takriban mtu 1 kati ya 4 ana ateri ya ziada ya figo. Isipoonekana mapema, daktari anabana moja na figo inaendelea kuvuja damu wakati anakata. Dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini ikiwemo, zitajwe zote mapema, asiziache mwenyewe.

Msiharakishe kurudi. Mshipa uliokatwa unaweza kutunga kifuko na kupasuka wiki moja au mbili baadaye. Mkojo ukiwa mwekundu, au akipata kizunguzungu na maumivu ya ubavu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mara nyingi kifuko huzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye ateri ya paja, bila kumfungua tena.