Ndita zimegoma kulegea

SWALI: Daktari, assalaam alaykum. Nina miaka 47, mwalimu wa sekondari hapa Mombasa. Kabla ya harusi ya mpwa wangu nilichomwa Botox katikati ya nyusi na kwenye paji la uso. Mchomaji alikuja saluni Jumamosi na kibegi chake. Tulikuwa wanawake wanane, akatuchoma sote kwa zamu, na kichupa nilichokiona ni kimoja tu. Nililipa shilingi 12,000, akanihakikishia kwamba siku tatu haziishi uso utakuwa laini. Leo ni wiki ya tano na ndita ziko palepale. Nikikunja uso darasa zima linanyamaza kama zamani. Nikimpigia simu anasema mwili wangu unakataa dawa, nirudi aniongeze kwa nusu bei. Nirudi? Na kama mwili kweli unakataa, nina njia gani nyingine?
Mwalimu, Mombasa

JIBU: Wa alaykum salaam, mwalimu. Kwake usirudi, hata akikuchoma bure.

Tuanze na hesabu, maana jibu karibu lote limo ndani ya kile kichupa. Botox, dawa inayolegeza misuli inayokunja uso, hupimwa kwa yuniti. Kipimo kilichoidhinishwa cha katikati ya nyusi ni yuniti 20, zikigawanywa sehemu tano. Ukiongeza paji la uso, ni nyingine 20, jumla 40. Kichupa kinachotumika sana kina yuniti 100, yaani kinatosha watu wawili na kubaki kidogo. Nyinyi mlikuwa wanane. Kama kilikuwa kimoja kweli, kila mmoja aliambulia yuniti 12 na nusu, tena kwa dhana kwamba ilikuwa Botox halisi na hakuizidishia maji ya chumvi ya kuichanganyia. Kwa kiasi hicho mwili haujakataa kitu. Haujapewa.

Halafu kuna joto. Kichupa cha Botox huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na kikishachanganywa maelezo ya mtengenezaji yanataka kitumike ndani ya saa 24. Kibegi kilichozunguka Mombasa mchana kutwa, sijui kama kilikuwa na barafu. Wewe ulikiona.

Hiyo hadithi ya mwili kukataa dawa ina chembe ya ukweli. Wapo watu ambao miili yao hutengeneza kinga dhidi ya dawa hii hadi ikaacha kufanya kazi, lakini hao kwa kawaida ni waliochomwa mara nyingi, hasa kwa vipimo vikubwa, kama wagonjwa wanaotibiwa shingo iliyopinda. Kwa mtu aliyechomwa kidogo namna hii kwa ajili ya urembo ni nadra mno. Kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha hapa, ni kwamba kuongezewa-ongezewa kabla ya wakati ni mojawapo ya mambo yanayodhaniwa kuichochea kinga hiyo. Dawa anayokupa ndiyo inayoweza kukuletea ugonjwa anaokusingizia.

Sasa simama mbele ya kioo, karibu na dirisha. Legeza uso kabisa, uangalie. Kisha kunja uso kama umemkamata mtu akiibia mtihani. Kama misuli inavuta nyusi kwa nguvu zote, dawa haikufanya kazi, na kwa maelezo yako nadhani ndivyo utakavyoona. Lakini kama misuli imetulia na bado mistari inaonekana, hapo dawa ilifanya kazi yake. Mistari yenyewe ndiyo iliyokwisha kujichora kwenye ngozi, na sindano hii haifuti mchoro. Wengi wanaonijia wakilalamika kwamba sindano imeshindwa wako katika kundi hili la pili, na hakuna aliyewaeleza mapema.

Ukiwa kundi la kwanza, kusubiri zaidi hakukusaidii. Dawa huanza kushika ndani ya siku chache, na wiki ya pili mara nyingi imeshika kikamilifu. Wiki tano zinatosha kutoa hukumu. Daktari aliyekuchoma mwenyewe na kuandika alichochoma anaweza kukuongezea kidogo baada ya wiki mbili. Wewe huna maandishi, kwa hiyo mimi ningekwambia ungoje miezi mitatu itimie tangu siku ile, kisha uanze upya kwa daktari wa ngozi, kwa kipimo kamili. Zipo dawa ndugu: Dysport, ambayo yuniti zake ni nyingine (katikati ya nyusi ni 50, usishtuke), na Xeomin, iliyoondolewa protini za ziada, ambayo madaktari huifikiria wanaposhuku kinga. Kama una mimba, unanyonyesha au una ugonjwa wa misuli kulegea, usichomwe yoyote.

Ukiwa kundi la pili, kazi ni ya ngozi: krimu ya retinoidi, dawa ya jamii ya vitamini A, usiku (hii nayo si ya wajawazito), ya kuzuia jua asubuhi, SPF 30 au zaidi, na pengine kutobolewa kwa visindano vidogo. Leza kwa ngozi zetu nyeusi inataka mkono unaozijua, la sivyo utabadilisha mistari kwa madoa. Akitokea mtu wa kukujazia geli katikati ya nyusi, mkatalie. Mishipa ya hapo inaungana na ya jicho, na wapo waliopofuka.

Na njia ya kuziacha ndita zako ipo pia. Kwa mwalimu naona ni vifaa vya kazi.

Lililonitia wasiwasi zaidi kuliko ndita ni wale wanane. Je, uliona sindano mpya ikifunguliwa kwa kila mmoja? Kama huna uhakika, nendeni mkapimwe virusi vya Ukimwi na homa ya ini B na C, na mrudie kipimo kwa tarehe mtakayopewa. Tena Aprili 2024 mamlaka za afya za Marekani zilitoa onyo kuhusu Botox bandia baada ya watu kuugua na wengine kulazwa. Yeyote kati yenu aliyeona kope zikilegea, vitu viwili viwili, ulimi mzito, shida ya kumeza au kupumua, aende hospitali leo na aseme wazi kwamba alichomwa.

Jina la mchomaji litafute katika rejista ya baraza la madaktari, KMPDC, iko mtandaoni. Dawa yenyewe iripoti kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Mtumie pia ujumbe wa maandishi, si simu, umuulize jina la dawa, yuniti ngapi, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Akijibu, hifadhi, daktari atahitaji. Akinyamaza, hifadhi vilevile, kisha dai shilingi 12,000 zako.