Kinyesi cha kunata kwa broila: soma hapa kabla hujanunua vimeng'enya

Mkuu wa Moshi, umesema broila wako wa wiki 2 wananyea kinyesi cha kunata, maranda yamelowa, damu hakuna, na yote yameanza ulipochanganya pumba za ngano na shayiri baada ya mahindi kupanda bei. Mimi nafuga Ngaramtoni, Arusha. Yalinikuta hayohayo.

Nilikimbilia antibayotiki siku 5, hela ikaenda, kinyesi kikabaki vilevile. Daktari wa mifugo alipopima kinyesi hakuona vimelea, ndipo akaniuliza nawalisha nini.

Ngano na shayiri zina nyuzi zinazoyeyuka. Zikifika tumboni chakula kinavutika kama mlenda, na kuku hana kimeng'enya (protini ya kusaga chakula tumboni) chake mwenyewe cha kuzikatakata. Virutubisho havifyonzwi vizuri, mabaki yanateremka kulisha bakteria huko chini ya utumbo, maranda yanalowa, na asubuhi ukifungua banda amonia inakuchoma macho. Kifaranga ndiye anayeumia zaidi, mkubwa anajikaza.

Kwa ngano unahitaji kimeng'enya kinachoitwa zailanezi, kwa shayiri kinachoitwa beta-glukanezi. Soma lebo, tafadhali! Dukani nilipewa kimeng'enya kingine, faitezi tupu. Hiyo kazi yake ni kufungua fosforasi iliyofungwa kwenye nafaka, pumba na mashudu, na ni nzuri kweli, kwani sehemu kubwa ya fosforasi ya mimea kuku haipati bila msaada. Ila kunata haikuondoa.

Nilipopata yenye zailanezi na beta-glukanezi, nikaharibu kwenye kuchanganya: niliinyunyiza juu ya rundo zima nikageuza kwa koleo. Gramu chache namna ile haziwezi kusambaa, wengine wanapata, wengine hawapati. Sasa nachanganya kwanza na kilo 1 ya pumba, naongeza hadi kilo 5, ndipo naingiza kwenye rundo. Na usiloweke chakula kwa maji ya moto, kimeng'enya ni protini, joto kali linakiua. Mimi nalisha cha unga, kikavu.

Maranda yalikauka ndani ya wiki hivi.

Kwa leo, punguza shayiri, toa maranda yaliyolowa, na peleka kinyesi kikapimwe hata kama huoni damu. Koksidiosisi (ugonjwa wa vimelea vya utumbo) nyingine hazitoi damu kabisa, na hizo hakuna kimeng'enya kitakachozitibu.