Napenda kamera kuliko kuchora, bado nitaitwa msanifu?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nasoma usanifu majengo, niko mwaka wa tatu, ila kusema kweli kuchora ramani hakunivutii kama kupiga picha za mitaa na kusoma nadharia, na baadaye natamani kufundisha. Wenzangu wanasema napoteza muda. Kuna mtu alifika mbali kwa njia hii?

JIBU: Yupo, tena mfuatilie sana, anaitwa Denise Scott Brown. Kazaliwa 1931 Nkana, Zambia ya leo, akakulia Johannesburg, akasoma London, halafu 1958 akaenda Marekani kusomea mipango miji Chuo Kikuu cha Pennsylvania na akaishia kufundisha hapohapo. Kamera alikuwa nayo siku zote, ila hakuwa anatafuta jengo zuri lililosimama peke yake, alikuwa anapiga mabango, maegesho ya magari, barabara, yaani vitu ambavyo wasanifu wengi walikuwa wanavidharau. Ndo maana Las Vegas, mji wa Marekani uliojaa mabango na taa, ilimshika, na 1966 akamwita msanifu mwenzake Robert Venturi aje aione mwenyewe. Mwaka uliofuata wakaoana, na 1968 wakawapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale kule wakapige picha, warekodi filamu, wachore ramani za taa na mabango, na kazi ya darasa hilo ndo ikazaa kitabu cha Learning from Las Vegas (1972), walichoandika pamoja na mwenzao Steven Izenour na mpaka leo kinasomwa vyuoni. Kwa hiyo kwake picha, darasa na nadharia ilikuwa kazi moja.

Ila kuchora usikuache, maana huyu mama alisanifu pia, ile Sainsbury Wing, jengo lililoongezwa kwenye jumba la sanaa la National Gallery London, imetoka kwenye ofisi yake na Venturi.

Kuna jambo linaniuma mpaka leo. 1991 tuzo ya Pritzker, ile kubwa kabisa ya usanifu majengo, alipewa Venturi peke yake, na 2013 wanafunzi wa Harvard walipoomba na mama atambuliwe, maelfu wakasaini, ombi likakataliwa. Ile ni dhuluma. Wewe ukifanya kazi na wenzako hakikisheni majina yote yameandikwa tangu mwanzo.

Sasa anza hivi: chagua mtaa mmoja, jiulize swali moja tu, mfano watu wanakaa wapi pasipo na viti, piga picha za swali hilo asubuhi na jioni, andika kurasa mbili halafu mpelekee mwalimu wako.