Ukiajiri makocha kwenye Out of the Park Baseball, anza na timu za chini

Msimu ukiisha kwenye gemu hili la kuendesha klabu ya besiboli, wengi hukimbilia soko la wachezaji. Mimi nafungua kwanza ukurasa wa makocha. Kwenye ligi ya mtandaoni kila timu inaendeshwa na mtu mwenye akili zake, na kumlaghai kwenye biashara ya wachezaji ni vigumu. Makocha wazuri, hata hivyo, mara nyingi wanabaki sokoni siku kadhaa bila kuguswa na mtu.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni kununua jina. Kocha ana sifa, yaani umaarufu wake, na ana vipimo vya kazi yenyewe: kufundisha kurusha, kufundisha kupiga, kufundisha udakaji, na namna anavyokaa na wachezaji chipukizi au wakongwe. Mshahara anaoutaka hufuata zaidi umaarufu. Mchezaji wako hukuzwa na vile vipimo. Juzi nilikuwa na makocha wawili wa warushaji mbele yangu. Mmoja ni gwiji aliyezeeka, anadai hela nyingi, na kiwango chake cha kufundisha kurusha ni cha kawaida tu. Wa pili hajulikani kabisa, ila kwenye kufundisha kurusha na kulea chipukizi yuko juu sana. Nilimchukua huyo wa pili kwa mkataba mrefu, kwa sababu akishajulikana bei yake itapanda na wenzangu watamtaka.

Hata kwenye besiboli halisi jina halina dhamana. Leo Mazzone alikuwa kocha wa warushaji wa Atlanta Braves kuanzia 1990 hadi 2005, enzi za warushaji nyota Maddux, Glavine na Smoltz. Baltimore Orioles walimchukua kwa matumaini makubwa, na baada ya msimu wa 2007 wakamwachisha kazi. Warushaji aliowakuta kule hawakuwa wale wa Atlanta.

Sasa, hela iende wapi? Kwangu, iende chini kwanza. Kila klabu ya MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani na Kanada, ina timu za kukuza vijana za Triple-A, Double-A, High-A na Single-A, kutoka juu kwenda chini, na huko ndiko vijana wako wanakokaa wakiwa bado wanabadilika. Mrushaji wa miaka 19 anahitaji mwalimu kuliko yule wa miaka 31 ambaye tayari ni yule alivyo. Kwa hiyo usiache nafasi ya kocha wa warushaji au wa wapigaji wa Single-A ijazwe na yeyote aliyebaki. Mishahara ya ngazi hizo ni midogo sana ukilinganisha na ya timu kubwa, na ndiyo maana inauma kuona watu wakibana hapo huku wakimlipa mchezaji wa akiba mamilioni.

Kwenye timu kubwa, mtu wa kumtafuta kwa bidii ni mtabibu. Angalia hasa uwezo wake wa kuzuia majeraha ya mkono. Mrushaji akichanika kano ya kiwiko na kufanyiwa upasuaji wa Tommy John, yaani wa kuitengeneza upya kano hiyo, msimu mzima umekwenda, mara nyingine na sehemu ya unaofuata. Kocha wa benchi, yaani msaidizi wa meneja, na wale wa besi naona wanaweza kusubiri.

Meneja, yule anayeongoza timu wakati wa mechi, usimchague kwa umaarufu tu. Soma falsafa yake. Kama timu yako ni ya wapigaji wa mipira mirefu, meneja anayependa kuiba besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe, na kukubali mpigaji atolewe ili kusogeza mwenzake atakuharibia mechi ukiwa umelala.

Mwisho, kagua tarehe za mikataba kabla msimu haujaisha, uwaongezee unaowataka. Wakishaingia sokoni unashindana na kila mtu. Na ofa zako zitume kabla kamishna, yaani msimamizi wa ligi ya mtandaoni, hajasogeza ligi mbele, kwa sababu faili yenye maagizo yako ikichelewa, kocha atasaini kwingine na hakuna wa kukurudishia.